Reli Iliyozikwa Bila Matanga



Mtu akifa katika vijiji vyetu, hata awe fukara asiye na shamba wala ng'ombe, majirani hukusanyika. Huketi matanga. Huuliza marehemu aliugua nini, nani aliyemwuguza, ameacha deni gani na nani atakayelilipa. Ndivyo walivyotufunza wazee, na ndivyo makanisa yetu yafanyavyo hadi leo. Lakini katika nchi hii mali ya umma hufa bila matanga. Hakuna aulizaye ugonjwa, hakuna asomaye wasia, na mara nyingi wale waliokuwa na zamu ya kumwuguza mgonjwa ndio wanaoonekana baadaye wamevaa nguo zake.

Tunaandika habari za tawi la reli liachanalo na njia kuu pale Leseru, magharibi ya Eldoret, likapita Soy na Moi's Bridge hadi Kitale, mwendo wa kilomita zipatazo 65. Kwa miaka mingi msafiri wa barabara ya Eldoret kwenda Kitale alikuwa na mwenzake wa kimya kando ya njia: tuta la udongo lililoota nyasi, mara likikaribia lami, mara likipotelea nyuma ya mahindi. Mahali pengine reli zilikuwa bado zimelala juu ya mataruma yake ya chuma. Mahali pengine zilimezwa na vichaka, na ng'ombe wakalishwa katikati yake. Watoto walizifuata kama kijia cha kwendea shule, wala hawakujua kwamba babu zao walipeleka mavuno yao Mombasa kwa njia iyo hiyo.

Tunauliza swali moja tu, na tutalirudia mpaka lijibiwe: ni nani aliyeamua, na alimwuliza nani?

Tusidanganyane kuhusu mwanzo. Reli hii haikujengwa kwa ajili yetu. Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai mwaka 1908. Mji wenyewe ulianza kama kituo cha posta kwenye shamba nambari 64, na kwa muda mrefu wageni waliuita kwa nambari hiyo, mpaka ulipopewa jina la Eldoret mwaka 1912. Garimoshi lilifika Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1926 tawi likafika Kitale. Watawala walisema njia kuu ni ya kwenda Uganda, na kweli ilifika Kampala mwaka 1931. Lakini waliipandisha mlimani hadi Timboroa, juu kabisa penye baridi na ukungu, wakaipitisha katikati ya mashamba ya walowezi. Mwafrika aliyebeba kokoto na kulaza mataruma hakuulizwa reli ipite wapi. Ilipita juu ya malisho yake, naye akaambiwa kwamba huo ndio ustaarabu.

Hata hivyo, uhuru ulipokuja mwaka 1963, kile kilichojengwa kwa jasho letu kilistahili kuwa chetu. Wakulima wadogo na vyama vya ushirika walinunua mashamba ya walowezi, na mahindi na ngano zikaendelea kukua. Pale palipoitwa Daraja la Hoey kwa jina la mlowezi, pakaitwa Daraja la Moi. Reli nayo ikabadilisha mwenyewe: ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda Shirika lake la Reli mwaka 1978. Daraja lilibadilishwa jina na reli ikabadilishwa bendera. Desturi ya kutomwuliza mwananchi ndiyo iliyobaki ilivyokuwa.

Yafaa vijana wetu waelewe kilichopotea. Maghala makubwa ya nafaka hayakujengwa kando ya reli kwa bahati. Ghala na reli vilikuwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Mahindi yalivunwa mwishoni mwa mwaka, yakakaushwa, yakatiwa magunia, yakapakiwa kwenye mabehewa hatua chache kutoka mlango wa ghala. Mbolea ilipanda kutoka Mombasa kwa njia ile ile kabla ya mvua za Machi na Aprili. Garimoshi moja la mizigo hubeba mzigo wa malori makumi kadhaa, na wala haliharibu lami. Nyanda za Trans Nzoia na Uasin Gishu zikaitwa ghala la taifa. Ghala lisilo na mlango wa kutolea chakula ni kaburi la chakula, na tawi la Kitale lilikuwa mlango.

Mlango huo haukufungwa kwa vita wala kwa tetemeko. Ulifungwa kwa kuachwa. Garimoshi likapungua, kisha likakoma. Hakuna mkutano wa soko tuukumbukao ambapo mkulima aliitwa, akaonyeshwa hesabu, akaambiwa: reli inapata hasara kiasi hiki, twawaomba ushauri. Mwananchi aliijua habari ya kufungwa kwa kuona nyasi.

Je, fedha zilikosekana? Tazameni miaka ile ile ya 1990. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret na Kisumu. Mwaka 1997 uwanja wa ndege wa kimataifa ulikamilika nje ya mji wa Eldoret, wakati ambapo wengi wa wakazi wake hawakuwa na nauli ya matatu kwenda Nakuru. Katika miaka hiyo hiyo kikajengwa pia kiwanda cha risasi, kwa usiri mkubwa, mpaka magazeti yakakifichua. Hatusemi uwanja wa ndege ni dhambi. Siku hizi mizigo hutua pale na watu wetu hupata kazi. Twasema hivi: serikali iliyopata fedha za ndege na fedha za risasi haiwezi kutuambia kwamba ilikosa fedha za mataruma. Ilichokosa ni mtu wa kuiuliza. Mwanzoni mwa miaka hiyo wabunge walikuwa wa chama kimoja, wengi wao wakiwa wamepita kwa uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambao kila mtu aliona kwa macho yake foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Mbunge wa namna hiyo humwogopa aliyempa kiti, naye hakuwa mkulima.

Mzigo haukutoweka. Ulihamia barabarani. Nasi tumelipa kwa damu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakateketea. Tarehe 31 Desemba 2017, katika barabara hiyo hiyo ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa kabla ya kuuona mwaka mpya. Kila mara viongozi hufika na rambirambi, hulaumu madereva, huondoka. Madereva wana makosa yao. Lakini nani aliyeamua kwamba mafuta, mahindi, saruji, mbolea na abiria wote wabanane katika ukanda mmoja wa lami, huku reli ikiota kutu mita chache kando? Uamuzi huo pia ulikuwa sera, hata kama haukuandikwa popote.

Wasomaji wetu wa makanisa watakumbuka kwamba barabara hizi zina kumbukumbu nyingine. Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret alisema hadharani, katika miaka ya 1980, kwamba watu wa Pokot Magharibi walikuwa wakifa njaa, wakati wakubwa walipotaka jambo hilo lifichwe. Alisema pia juu ya unyakuzi wa ardhi. Waziri Peter Okondo alimwonya mbele ya watu kwamba akienda Busia huenda asirudi akiwa hai. Askofu alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti 1990, akirejea Eldoret, gari lake liligongana na lori akafa. Waziri alijiuzulu. Maswali hayajajiuzulu.

Twalitaja jambo hili kwa sababu liko ndani kabisa ya habari ya reli. Kitale ndiko reli inakoishia, na Kitale ndio mlango wa Pokot na Turkana. Kutoka pale hadi kwa mama aliyekosa unga si mbali. Askofu aliona kwamba njaa ya Pokot haikuwa ukame peke yake. Ilikuwa njaa ya watu wanaokaa karibu na ghala la taifa na wasio na sauti ya kuliagiza lifunguliwe. Yusufu alipoweka nafaka Misri aliweka pia njia ya kuigawa. Sisi tuliweka nafaka, tukaiacha njia.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana hapo ndipo wengi huanza kukohoa. Reli si vyuma tu. Ni ukanda wa ardhi, ni yadi za stesheni, ni nyumba za wafanyakazi, na ni viwanja vilivyo katikati ya miji ambayo thamani yake hupanda kila mwaka. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na kiwanja kimoja karibu na katikati yake kina bei ambayo mzee wa mwaka 1963 asingeiamini. Garimoshi linapokoma, ukanda huo hubaki yatima, na mayatima wenye urithi mkubwa hawakosi wajomba. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ilitoa taarifa yake mwaka 2004, ikaonyesha jinsi ardhi ya umma, pamoja na ya mashirika ya umma, ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa miaka mingi. Sote tunaijua hadithi ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alihitaji barua zenye muhuri na mashahidi wa uongo. Katika siku zetu inatosha kuiacha reli iote nyasi, kisha kusema: mahali hapa hapatumiki.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulipopigania mageuzi tulidhani tiba ni chama cha pili. Kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa Desemba 1991, nasi tukaimba barabarani. Hatujutii siku ile; watu walifungwa na kuteswa ili ifike. Lakini tuwe wakweli. Chini ya KANU reli iliachwa ife. Mwaka 2002 KANU iliondoka madarakani, na Novemba 2006, chini ya serikali tuliyoichagua kwa furaha, reli nzima ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa, na njia nyingi zilikuwa bado zimelala. Mwaka huo huo, chini ya serikali nyingine tena, reli mpya ya kisasa ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi kwa gharama ya shilingi bilioni 327 hivi, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Juni 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba zabuni ya reli hiyo haikufuata Katiba wala sheria ya ununuzi. Kesi ilipelekwa na raia, Okiya Omtatah, pamoja na Chama cha Mawakili. Haikupelekwa na chama chochote cha siasa. Hilo litufunze kitu. Vyama vimebadilika mara nyingi kuliko vituo vya stesheni, na daftari bado limefungwa.

Tena, reli mpya ilipofika Naivasha mwaka 2019, ramani iliyotangazwa ya kuiendeleza ilielekea Narok, Kisumu hadi Malaba. Uwanda wetu uliachwa kando. Kwa hiyo reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja, ndiyo tuliyo nayo. Na ndiyo maana tumefurahi kusikia, katika miaka hii ya 2020, kwamba Shirika la Reli limeliweka tawi la Leseru hadi Kitale katika orodha ya njia za kufufuliwa. Tunawapongeza vibarua na mafundi wanaofyeka vichaka na kunyosha reli zilizopinda. Kazi yao ni ya heshima.

Lakini tusishangilie ufufuo kabla ya kuona mwili ukitembea. Tumezoea nchi hii kukarabati kitu wakati wa kampeni na kukisahau wakati wa bajeti. Reli hai haipimwi kwa hotuba wala kwa utepe unaokatwa. Hupimwa kwa jambo moja: je, mkulima wa gunia hamsini pale Moi's Bridge aweza kujua garimoshi linapita siku gani na kwa bei gani, au nafasi zote zimekwisha kushikwa na wafanyabiashara wakubwa? Reli ikifufuliwa kwa siri itauawa tena kwa siri.

Na sasa, wapendwa, tujikosoe. Si haki kuwanyoshea kidole wakubwa wa Nairobi peke yao. Mataruma ya chuma hayana miguu. Yaliyong'olewa yaling'olewa na mikono ya huku, yakapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu ya huku, na fedha zake zikaliwa huku. Serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuangushwa, wengi walilalamika, wachache walitubu. Kijana aliyeuza taruma kwa bei ya chakula cha siku mbili hakujua kwamba aliuza pia barabara ya mazao ya baba yake. Na ikiwa kuna kanisa, la madhehebu yoyote, lililopewa kiwanja cha reli na mkubwa fulani wakati wa harambee, wazee wa kanisa hilo wachunguze hati yao kabla ya kuhubiri juu ya Nabothi. Hatuwezi kudai daftari la serikali huku letu tumelificha madhabahuni.

Pia tunasema wazi kuhusu wanyonge walio na vibanda kwenye ukanda wa reli. Mama auzaye sukumawiki juu ya tuta si mnyakuzi. Wengine walifika pale wakikimbia mapigano ya mwaka 1992, wengine yale ya mwaka 2008, wakati makanisa yetu yalipojaa watu waliopoteza kila kitu. Haki haiwezi kuanza kwa kumbomolea yeye usiku na kumwachia mwenye ghorofa hati yake. Apewe notisi, apewe mahali pengine, asikilizwe kwanza.

Basi tunadai haya, na tunadai kwa jina la sheria iliyopo. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe, inatambua ardhi ya umma, na katika Kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ilionyesha njia ya kuziomba.

Kwanza, itolewe hadharani orodha ya ardhi yote ya reli kuanzia yadi ya Eldoret hadi Kitale: kila kipande, ukubwa wake, na jina la anayekishikilia leo.

Pili, itolewe hesabu ya mali iliyokuwa juu ya ardhi hiyo: reli, mataruma, madaraja, nyumba na majengo ya stesheni. Kilichouzwa, kiliuzwa kwa nani? Kilichoibwa, nani alishtakiwa?

Tatu, kabla ya mkataba wowote juu ya njia hii kutiwa sahihi, vikao vya wazi vifanywe Eldoret, Soy, Moi's Bridge na Kitale, siku ya soko, kwa lugha ambayo watu wa soko wanaielewa.

Nne, garimoshi likirudi, ratiba na bei vibandikwe mahali pa wazi, na vyama vya ushirika vya wakulima wadogo vitengewe nafasi.

Kwa upande wetu, tunaomba kila parokia, kila ushirika wa akina mama na kila kikundi cha vijana kando ya njia hii kichague watu watano. Watano hao watembee kwa miguu kipande cha reli kilicho karibu nao. Waandike wanachokiona: daraja lipo au halipo, nyumba inakaliwa na nani, jiwe la mpaka limeng'olewa au bado. Wazee waliofanya kazi relini waulizwe wangali hai, maana wao ndio maktaba yetu. Kisha barua iandikwe, itiwe sahihi na wengi, ipelekwe ofisini na nakala yake ihifadhiwe. Jibu lisipokuja, ipelekwe tena. Kama raia mmoja na mawakili wake waliweza kuifikisha reli ya mabilioni mahakamani, nyanda nzima haiwezi kushindwa kuuliza habari za kilomita 65.

Mnyakuzi haogopi hasira yetu; anajua kwamba hasira hulala usiku. Anaogopa orodha. Anaogopa ajuza aliyesimama katika baraza akiwa na karatasi mkononi na kusema: hapa palikuwa na nyumba tatu za reli, mimi nilifua nguo katika mmojawapo wa ua zake, sasa nionyesheni hati.

Reli ya Kitale ilizikwa bila matanga. Tukae matanga hayo sasa, tuulize maswali ya matanga, na tusiinuke mpaka tumesomewa wasia. Ikiwa marehemu ataonekana bado anapumua, tutashukuru Mungu. Lakini hata hapo tutataka kujua ni nani aliyekuwa amekwisha kuchimba kaburi.